Kobe Anazimika Mbele ya Kinu

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zinatangulia, ingawa hasira ilitaka kupita mbele nikaishika kola. Sisi hapa wazima. Mama hajambo isipokuwa nyonga, ambayo inamruhusu kusimama na kulala lakini kukaa inamkatalia. Mjomba ameng'olewa jino la mwisho na anadai sasa ndiyo anaongea vizuri. Mimi bado nafundisha historia kwa watoto wanaoamini dunia ilianza mwaka waliozaliwa wao, na bado naandika gazetini. Makala yangu ya mwezi uliopita, ya kuwasuta watu wanaowatelekeza wazee wao, imeniletea matusi mengi, kwa hiyo najua ilikuwa nzuri.

Sasa jambo lenyewe. Mama anataka kuja kwako.

Usiruke mstari huo. Anataka kufika kambini kabla barabara mnayoijenga haijavuka mto, maana amesikia kwamba mkishavuka na mvua zikaanza, hakuna gari litakalowafuata hadi mwakani. Kwa mtu wa umri wake, mwakani si tarehe, ni dua. Basi la abiria hawezi kulipanda kwa sababu ya nyonga. Kinachoweza kumleta akiwa amelala ni kimoja tu: Kobe, lile gari ulilolijenga na Baba, lenye kitanda nyuma, jiko dogo, na kabati ambalo mlango wake unafunguka kila tukikata kona ya kushoto. Leseni ninayo, shingo ngumu ninayo, likizo ya Agosti ninayo. Kobe ndiye asiyetaka kufika.

Asubuhi anawaka vizuri, anatembea kama mtu mwenye adabu. Akifika mbele ya kinu cha unga, pale kilima kinapoanza, anakohoa na kuzimika. Ukimwacha apumzike anawaka tena kana kwamba si yeye. Nilimwita Fundi Kesho, yule mwenye karakana nyuma ya soko, ambaye jina amelipata kwa jibu lake la kila siku. Akainama, akachungulia, akasema, "Mwalimu, hii injini ina uzee."

"Hata wewe una uzee," nikamwambia, "mbona huzimiki mbele ya kinu?"

Akasema nije kesho.

Wewe ndiye Sikio. Baba alikupa jina hilo kwa sababu gari lilikuwa likipita barabarani unasema valvu moja imelegea, na mwenye gari akifungua anaikuta. Kwa hiyo niambie Kobe ana nini. Ukishamaliza hilo, niambie na la pili. Ulikuja kwenye msiba wa Baba ukasimama kama nguzo ya simu. Watu wakakupa pole, hukujibu. Kesho yake asubuhi kitanda chako kilikuwa baridi. Nikipiga simu kambini, karani ananiambia uko kazini. Kila saa uko kazini? Hata greda hulala.

Wanasema kobe akiinama anatunga sheria. Nangoja uinue kichwa.

Dada yako


Tarehe 30 Machi, kambini

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika na lori la mafuta. Pembeni imelowa dizeli lakini inasomeka. Mimi mzima. Kambi imesogea tena, sasa tunalala kando ya machimbo, na mashine ya kusaga kokoto iko nyuma ya hema langu. Mpishi ameondoka baada ya kugombana na msimamizi, kwa hiyo tunakula kwa zamu, na zamu yangu watu hujifanya wamefunga. Mpe Mjomba pole au hongera, utajua mwenyewe kipi kinamfaa.

Kuhusu Kobe. Usibadilishe kitu chochote. Kubahatisha kumeua magari mengi kuliko ajali. Injini ya petroli inataka vitu vitatu: hewa, mafuta, moto. Ikizimika, kimoja kimekosekana. Kazi yako ni kujua kipi. Kwa nini, tutauliza baadaye. Akizimika, usipige mlango teke na usimtukane. Fungua boneti, chomoa waya wa plagi moja, mtu apige stata, wewe tazama kama cheche inaruka.

Halafu niandikie anavyolia. Maoni yako yaweke, nataka sauti: kabla ya kuzimika, wakati anazimika, na baada yake. Andika kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kusikia gari.

Na niambie nani mwingine anamgusa.

Mama asisafiri. Barabara ya huku ni mbaya, na najua kwa sababu naitengeneza mimi.

Mdogo wako


Tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeona la pili umeliruka kama dimbwi. Sawa. Mama anakusalimu na anauliza kama unalala vizuri kando ya mashine hiyo. Nilimwambia mtu asiyepokea simu bila shaka analala fofofo. Hakucheka.

"Usibadilishe kitu" yako imefika nikiwa nimeshabadilisha plagi, platini na waya zote. Tulia. Fundi Kesho aliifanya kazi siku ileile niliyompa, nadhani alikuwa mgonjwa. Kobe akawaka kwa sauti tamu kuliko zamani, akaenda kuzimika palepale, mbele ya kinu. Wasagaji wananijua sasa. Wakiniona wanaita, "Abiria amefika!" na mmoja ananitolea kigoda.

Cheche nimeitazama. Ipo, ya buluu, inaruka. Kwa hiyo moto upo. Sasa sauti, kwa kuwa maoni yangu hayatakiwi.

Anapotoka nyumbani ananguruma kwa chini, mfululizo, kama wanaume wanaokubaliana kikaoni. Kwenye daraja dogo bado wanakubaliana. Tukiikaribia bohari ya mbao, mmoja anaanza kuguna. Hagongi, anaguna tu, mm, mm, kama mtu aliyekumbuka jambo lisilompendeza. Nikikanyaga mafuta sauti haipandi, inashuka. Halafu zinakuja chafya mbili kwenye kabureta, pfa, pfa, na kikao kizima kinanyamaza. Hakuna kishindo wala mlio wa chuma. Inabaki tik, tik, ya injini inayopoa, na Mama kule kitandani akiuliza, "Tumefika?"

Na sasa nisomee polepole, maana hapa ndipo akili yangu ilipokwama. Jumamosi nilimjaza tangi hadi mdomoni, nikidhani ni njaa. Akazimika kabla hata ya bohari. Jumatatu tangi likiwa nusu, akafika kinuni kama kawaida yake. Jumatano tangi likiwa karibu kavu, akapita kinu! Akapanda kilima chote akazimikia juu. Nimesoma vitabu, nimebishana na watu wenye digrii nyingi kuliko meno, lakini sijawahi kukutana na kiumbe anayekufa akishiba na kuishi akiwa na njaa. Wakubwa wetu hufanya kinyume kabisa.

Nani anamgusa? Hakuna. Mimi na Fundi Kesho tu. Usiku amesimama uani, amefungwa.

Karatasi hizi zinatuchelewesha. Jumatatu ya pili ya Mei, saa nne asubuhi, uwe kwenye ofisi ya karani wa kambi. Nitapiga simu nikiwa na Kobe mwenyewe, umsikie kwa masikio yako. Karani nimeshamwandikia, kwa hiyo usinitajie kazi. Na kuhusu Mama asisafiri, sikukuomba ruhusa. Nilikuomba ufundi.

Dada yako


Tarehe 5 Mei, kambini

Dada,

Shikamoo. Hapa kumenyesha kidogo na lori la barua lilikwama, kwa hiyo yako nimeipata jana tu. Tumepata mpishi mpya. Anaunguza, lakini anaunguza kwa wakati.

Ule ukurasa wa wanaume wa kikaoni nimeusoma, nikafumba macho, nikausoma tena. Nimemwona Kobe akipita daraja dogo hadi bohari ya mbao. Hujui umenipa nini.

Moto upo, basi uache. Injini inayokufa kwa kunyong'onyea, bila kishindo, mafuta hayaifikii. Safisha chujio. Kagua bomba lote chini ya gari kama limebonyea au limepasuka. Pampu usiiguse. Pampu niliifunga mwenyewe na Baba, ni nzima, ningeapa juu yake.

Hili la kushiba na kufa limenichanganya kabisa. Nimemchora Kobe mchangani mbele ya hema, tangi, bomba, pampu, kabureta, nikayafuata mafuta kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mara nafika mwisho na sijaona kitu. Wenzangu wanadhani nalima.

Simu usipige. Ya hapa ina mikwaruzo, na watu husimama nyuma kusikiliza. Niandikie tu. Unaandika vizuri.

Mdogo wako


Tarehe 12 Mei

Mdogo wangu,

Mjomba mzima, Mama mzima, mji mzima unanicheka. Nimepeleka gari posta kama mgonjwa kwa daktari.

Nilimzungusha Kobe mpaka alipoanza kuguna, nikamwegesha chini ya dirisha la simu na boneti wazi. Yule binti wa posta akaona nauvuta waya wa simu kuutoa dirishani.

"Mwalimu, hiyo ni simu ya serikali!"

"Na serikali ni ya nani? Shika hapa."

Akashika, maskini, mkono wote nje, mkonga wa simu juu ya injini. Watu wa foleni ya stempu wakaiacha stempu.

Lakini kwanza Mama alitaka kukusalimu. Alikuita. Akakuuliza unakula nini huko. Ukasema, "Ndiyo, ndiyo, nimefika." Akakuuliza kama nguo za baridi unazo. Ukasema, "Ndiyo, nimefika, Dada, leta gari." Mama akanirudishia simu, akaenda kulala kwenye kitanda cha Kobe akitazama dari. Umemuumiza. Mtu ana mama mmoja, na hata salamu yake unaipita mbio kama unadaiwa!

Halafu ukamsikiliza Kobe akiguna, akipiga chafya, akizimika. Ukapiga kelele mpaka foleni yote ikasikia: "Nimesikia! Ni pampu! Badilisha pampu!" Ukakata.

Haya. Pampu. Sauti yako ilikuwa safi kama uko chumba cha pili. Mikwaruzo hakuna. Nani alikwambia simu ile ni mbaya?

Fundi Kesho anaifunga pampu mpya wiki hii.

Dada yako


Tarehe 3 Juni

Mdogo wangu,

Sina salamu. Ninazo, lakini nimeziweka pembeni zipoe.

Pampu mpya imefungwa. Kobe amezimika mbele ya kinu. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikakuta barua yako ya tarehe 5 imefika: "Pampu usiiguse, ni nzima, ningeapa juu yake." Yaani mwezi mmoja, mdomo mmoja, pampu nzima na pampu mbovu! Nimwamini yupi, anayeandika au anayepiga kelele? Nimewakaanga wanasiasa gazetini kwa kugeuka kidogo kuliko hivyo, tena wao walingoja uchaguzi upite.

Nitasema ninachofikiri. Hutaki Mama aje. Ulitoa jibu la kwanza lililokujia ili ukate simu. Kama huko una mke, sema. Kama una watoto wanne na deni la hema, sema, tutawapenda wote. Lakini usimzuie mama yako kwa pampu. Anakonda. Kila asubuhi ananiuliza, "Kobe amepona?" na mimi, mtu ninayeulizwa maswali kwa riziki yangu, namjibu kama Fundi: kesho. Likizo yangu ni Agosti. Mto wenu hautanisubiri.

Kwa kuwa Baba alitufundisha tusitupe hata msumari uliopinda, nakuandikia na hili, ingawa halina maana. Juzi pale kinuni Fundi Kesho alisema labda mafuta yameisha na mshale wa geji ni mwongo. Akazungusha kifuniko cha tangi ili achungulie. Alipokilegeza tangi likavuta pumzi, hhhaaa, kama mtu aliyetolewa majini. Sote tukaruka nyuma. Mafuta yalikuwepo. Akafunga, nikapiga stata, Kobe akawaka hapohapo bila kupumzika. Fundi Kesho akajisifu kwamba ana mkono wa baraka. Tukafika hadi kona ya shule, akazimika tena.

Sielewi kitu. Sijawahi kuandika sentensi hiyo katika maisha yangu.

Dada yako


Tarehe 21 Juni, kambini

Dada,

Shikamoo. Sina mke wala deni la hema.

Ni kifuniko cha tangi.

Sikiliza. Pampu inayavuta mafuta, na yanapotoka, hewa lazima iingie badala yake. Isipoingia, tangi linakuwa kama chupa unayoinyonya kwa mdomo: mwisho ulimi unanasa na maji hayaji. Injini inakufa kwa kiu mbele ya mafuta tele. Ukingoja, hewa inapenya kidogo kidogo, anawaka tena. Tangi likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo, inaisha upesi. Likiwa karibu tupu, hewa ni nyingi, anafika mbali. Ndiyo maana anakufa akishiba. Ile pumzi uliyoisikia ndiyo ugonjwa wote, na wewe uliniandikia ukisema haina maana.

Sasa kuna jambo linanisumbua kuliko injini. Kifuniko cha kiwandani kilipotea zamani. Hiki kilichopo Baba alikitengeneza kwa bati, akakitoboa katikati kwa sindano ya kushonea magunia, mimi nimekishika kwa koleo. Tundu lile haliwezi kujiziba lenyewe, liko chini ya kijibati cha kulikinga na vumbi. Limezibwa na mtu. Na mdomo wa tangi uko ubavuni, chini tu ya dirisha la kitanda. Anayepita njia haoni shida na harufu ya petroli pale. Anayeweza kuichukia mpaka akaziba ni mtu anayeweka kichwa chake hapo usiku kucha.

Ulisema hakuna anayemgusa. Nani analala ndani ya Kobe?

Mdogo wako


Tarehe 8 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu. Yeye ndiye anayelala ndani ya Kobe.

Tangu baada ya msiba. Nilihamia kwake ili asikae peke yake, na unanijua, sikai mahali bila kupafanyia mapinduzi. Niliwapa watu kitanda cha zamani cha Mama na Baba. Niliweka meza yangu ya kuandikia pale Baba alipokuwa akivulia viatu. Nilidhani namwondolea uchungu. Jioni moja akakunja blanketi lake akaenda uani. Nikamfuata, nikatoa hoja zangu zote, unajua ninazo. Akanisikiliza akiwa mlangoni mwa Kobe, akasema, "Mwanangu, umeshinda. Sasa niache nilale." Akafunga mlango. Mwezi uleule gazeti likachapa makala yangu ya kuwasuta wanaowatelekeza wazee. Ungekuwa wewe, ungemwandikia nani habari hiyo?

Barua yako ilipofika nilitoka nayo mkononi, nikamuuliza kuhusu kifuniko. Hakuona kosa lolote. "Kilikuwa kinanuka," akasema. Alikata duara la kitambaa cha meza cha plastiki kwa mkasi wake wa ushonaji, duara safi, pindo limekunjwa, akalipachika ndani ya kifuniko. Halafu akainua kijibati, akakuta tundu, akalitonesha nta ya mshumaa. "Kilikuwa na tundu," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeripoti mwizi. Mshonaji wa miaka yote ile, umwachie tundu alione na alale?

Nimetoa kitambaa. Nimeichokoa nta kwa sindano. Kisha nikajaza tangi hadi mdomoni, nikampakia Mama, tukaondoka. Daraja dogo, wanaume wanakubaliana. Bohari ya mbao, wanakubaliana. Pale kinuni msagaji alishatoa kigoda. Tulimpita, mdogo wangu! Nilipiga honi kilima chote kama harusi, na nyuma kule Mama anaimba, nyonga na yote.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi, na ulijua kwa kusoma tu, umekaa hemani mbali huko. Ndipo swali likanirudia. Aliyeliona tundu la sindano kwenye karatasi, aliposikilizishwa injini yenyewe alisema pampu. Ile pampu aliyokuwa tayari kuiapia. Mimi nimeshalitoa langu. Sasa toa lako.

Dada yako


Tarehe 23 Julai, kambini

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaishia kwenye habari za mpishi.

Sikusikia kitu. Siku ile ya simu sikumsikia Kobe, sikukusikia wewe, na sikujua kwamba aliyeshika simu mwanzoni alikuwa Mama. Nimelisoma hilo kwenye barua yako kama ulivyolisoma wewe la pampu. Karani alikuwa ananitazama, nikasema neno lililo jepesi mdomoni kwa fundi.

Sikio la kushoto limekufa. La kulia linanipa upepo tu. Ni mashine ya kokoto. Ilianza muda mrefu kabla ya msiba. Pale nyumbani niliona midomo ya watu ikitembea na sikujua nani ananipa pole na nani ananiuliza safari, nikaogopa kujibu lisiloulizwa mbele ya jeneza la mtu aliyeniita Sikio. Ndiyo maana niliondoka alfajiri. Hapa kambini msimamizi hajui. Naweka mkono juu ya injini, inanieleza. Ikinikatalia, nauma bisibisi kwa meno, ncha yake naigusisha kwenye chuma, mlio unanipanda mifupani. Wanadhani ni mbwembwe za ufundi.

Nilikuomba uandike sauti kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kuzipata. Ile ya kikaoni ndiyo injini ya kwanza niliyoisikia mwaka huu.

Mwambie Mama taratibu. Au usimwambie. Sijui. Mimi nilikuwa najua mambo kwa kusikia, sasa sijui najua nini.

Mto tutauvuka mwisho wa Agosti. Barabara ya kuja huku si mbaya. Nilidanganya na hilo.

Mdogo wako


Tarehe 6 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu zote, za kwangu, za Mjomba na fizi zake, za wasagaji wa kinuni wanaolalamika kwamba siku hizi napita bila kuwasalimu.

Nilikaa na barua yako jikoni nikitafuta maneno ya taratibu, na wewe unajua bidhaa hiyo dukani kwangu haipo. Mama akaingia, akaniona uso, akaniuliza, "Amesema?"

"Amesema nini?"

"Kwamba hasikii."

Alijua tangu msibani. Alikuita mara tatu ukiwa umempa mgongo. "Mtoto nimemzaa mimi," akaniambia, "nisijue anaponipa mgongo kwa jeuri na anaponipa mgongo kwa kutosikia? Nilikuwa sina hakika. Pale posta nikapata hakika. Sasa kwa mtu asiyesikia utatuma nini, kengele? Mtu huyo anafuatwa, anashikwa mkono."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote hii nikikutukana kwa herufi kubwa. Akachukua kikombe chake cha chai, akawa anatoka kwenda kwa Kobe.

"Wewe," akasema, "ungeandika makala."

Kitanda chao nimekidai, kimerudi. Meza yangu nimeihamishia ukumbini. Mama amekitazama kitanda, akapapasa godoro, akasema akishakuona atalala ndani.

Tunaondoka Jumamosi kukipambazuka. Kuhusu msimamizi wako na mashine yake ya kokoto nina hoja nyingi mno, na nitakuja nazo zote. Lakini nitazisema polepole, nikikutazama usoni, na zile kali nitakuandikia.

Honi sitapiga. Nikifika getini kwenu nitaacha injini ikinguruma, sitaizima. Njoo uweke mkono.

Dada yako